Rekebisha posti prosesa, acha kufuta mistari kwa mkono

Faili la msimbo wa G (amri zinazoiongoza mashine ya kukata) likitoka na mstari usiotakiwa, wengi hulifungua kwenye Notepad na kuufuta. Faili la kesho huja na mstari uleule, na siku moja utasahaulika. Mwandishi wa mistari hiyo ni posti prosesa, au posti: programu ndogo inayogeuza njia ya kisu kuwa msimbo wa G wa mashine yako. Huyo ndiye wa kusahihishwa.

Katika Fusion ya Autodesk, programu ya kubuni na kupanga njia za kisu, posti ni faili la .cps lililoandikwa kwa JavaScript. La maktaba usiliguse. Linakili, lipe jina la mashine yako, liweke kwenye maktaba yako binafsi. Ndani yake onOpen huandika kichwa cha faili, onSection huanzisha kila operesheni, onLinear na onCircular hutoa miendo, onClose hufunga.

Chukua ruta ya mbao (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) inayotumia GRBL 1.1, programu inayosoma msimbo wa G na kuendesha mota. Posti inatoa M3 S18000 (washa spindo, mizunguko 18000 kwa dakika) na papo hapo Z, mhimili wa juu na chini, inashuka, ilhali spindo, mota inayozungusha kisu, haijashika kasi. Kisu kinagonga mbao kikiwa polepole, na kama ni chembamba kinakatika. Tafuta mstari unaotoa S na M3, chini yake ongeza onDwell(5). Nayo itaandika G4 P5, yaani subiri sekunde 5.

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. GRBL husoma P ya G4 kama sekunde. Fanuc, kidhibiti cha mashine za viwandani, huisoma kama milisekunde. Ukihamisha onDwell kutoka posti ya Fanuc utapata G4 P5000, na ruta itasubiri zaidi ya saa moja na dakika 20, spindo ikivuma bure. Kinyume chake naona ni kibaya zaidi: P5 kwenye Fanuc ni kufumba na kufumbua, na mstari unaonekana sahihi kabisa.

G81 (kutoboa) na M6 (kubadilisha kisu) pia GRBL 1.1 haizijui, hujibu error:20, yaani amri isiyojulikana. Utobozi uvunjwe kuwa G0 (mwendo wa haraka) na G1 (mwendo wa kukata) kwa expandCyclePoint.

Kisha toa faili la njia ileile ya kisu kwa posti ya zamani na mpya, ulinganishe mstari kwa mstari: tofauti iwe ile uliyoiandika tu. Jaribio la kwanza lifanyike hewani, sifuri ya Z ikiwa imepandishwa milimita 50 juu ya mbao, kidole kwenye kitufe cha kusitisha. Miendo ya G28 na G53, inayopimwa kwa sifuri ya mashine yenyewe, haifuati sifuri hiyo, kwa hiyo isome kwa macho kabla ya kuwasha.