Badilisha Jambo Moja Darasani, Ulishikilie Wiki Sita

Kila Januari shule nyingi za msingi huandika mikakati ya kupandisha taaluma: majaribio ya kila wiki, masomo ya ziada, zana katika kila kipindi, kazi za vikundi, vitabu vya kusoma nyumbani. Orodha hubandikwa ofisini. Ikifika Machi, karibu yote yamekufa, na hakuna aliyeyaacha kwa makusudi. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 na madaftari 80 ya kusahihisha hawezi kujenga mazoea kumi mapya kwa mpigo. Kufundisha ni mazoea kwa sehemu kubwa: unavyouliza, unamtazama nani, unafuta ubao lini. Mazoea hayabadiliki kwa waraka. Hubadilika moja moja, na kila moja hudai wiki kadhaa.

Pa kuanzia ni kwenye madaftari. Chukua 10 ya Hisabati, Darasa la Tatu: matatu ya wanaofanya vizuri, manne ya wa kati, matatu ya wanaohangaika. Tafuta kosa linalojirudia. Tuseme ni 52 − 27, na mtoto ameandika 35. Ukitia alama nyekundu ya X na kupita, hujaona kitu. Mtoto huyu aliona 7 haitoki kwenye 2, akageuza: 7 toa 2, akapata 5. Kisha 5 toa 2, akapata 3. Kutoa anajua. Asichokijua ni kwamba kumi moja linaweza kufunguliwa likawa mamoja kumi. Ukimpa maswali mengine 20 ya aina hiyo, unamkomaza katika kosa lake. Mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili pembeni, umwambie atoe 27. Itamlazimu afungue fungu moja kwa mikono yake. Atabaki na makumi 4 na mamoja 12, na hapo 25 inajitokeza yenyewe.

Sasa jambo la kubadilisha linaandikika kwa sentensi moja: kila kipindi cha kutoa kianze na swali moja la kukopa, kila mtoto aliandike, nami nipite mistari miwili ya madawati kutazama kabla ya kuendelea. Ni dakika 5. Linaonekana kwa macho, halihitaji fedha, na linaweza kuanza kesho. Lengo kama “kuboresha ufundishaji shirikishi” halina hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana halitekelezeki.

Mwalimu wa somo jingine anaweza kuanza na kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu aliowachunguza walisubiri sekunde 1 hivi baada ya kuuliza swali. Walipofikisha sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanaokaa kimya walipungua. Katika madarasa yetu, nafasi hiyo humezwa na mikono ya mbele, “Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!”, au jibu la pamoja linalowaficha wasiojua. Uliza, mikono yote chini, hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 79 wamepumzika. Wiki ya kwanza ule ukimya humsumbua mwalimu kuliko watoto, akaujaza kwa swali la pili, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Vumilia, ni wiki ya kwanza tu.

Mwalimu mkuu naye ana kazi ya kulinda jambo hilo moja la kila mwalimu. Katika shule ya walimu 12, ziara 4 kwa wiki zinatosha: kila mwalimu anafikiwa mara mbili katika wiki sita. Dakika 10, kaa nyuma, bila fomu. Angalia lile tu mlilokubaliana. Ukienda kuangalia kusubiri ukatoka na maoni juu ya andalio la somo, usafi wa ubao na mavazi, mwalimu atasikia neno moja tu, ukaguzi, na safari ijayo atakuandalia somo la maonyesho. Ongeeni siku hiyo hiyo, na uanze na ulichokiona: “Mwalimu, uliuliza maswali sita, mawili ukasubiri. Kwenye hayo mawili alijibu yule wa dirishani.” Kisha muulize yeye wiki ijayo aongeze nini.

Mara nyingi mpango hufa wiki ya tatu. Kipindi kimeanza kuchelewa kwa sababu mbinu bado ngeni, na papo hapo kunashuka agizo jipya. Hapa ndipo kiongozi anapohitajika kusema wazi kwamba hilo la pili litasubiri. Kosa jingine ni kuwapa wote jambo moja: anayefundisha kusoma Darasa la Kwanza hana tatizo sawa na wa Sayansi Darasa la Sita.

Wala usipime kwa mtihani wa muhula. Mtihani huo una mada nyingi mno kuonyesha badiliko dogo. Rudi kwa watoto wale wale 10, swali la aina ile ile. Kama walikosea 7 na sasa wanakosea 3, endelea. Kama bado ni 7, badilisha mbinu. Usianze kumlaumu mwalimu. Jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambako walimu hukutana kujifunza pamoja, ni mahali pazuri pa kuyafanya haya, ilimradi madaftari yawe mezani na matangazo yabaki kwenye ubao wa matangazo.

Na mwalimu mkuu achague jambo lake pia. Muda wa kipindi cha kwanza ni mzuri kuanzia. Mstarini mkipitiliza dakika 10 kila asubuhi, kwa wiki zimepotea dakika 50, yaani kipindi kizima cha dakika 40 na zaidi. Matangazo yasizidi dakika 5, mwalimu wa zamu ashike saa, na mahudhurio yaitwe wakati watoto tayari wanafanya hesabu mbili zilizoandikwa ubaoni tangu jana jioni.