Kulainisha Viti vya Ngozi vya Gari Kuukuu Katika Hewa ya Mtwara

Ngozi ya kiti cha gari haikakamai kwa sababu ya umri peke yake. Ngozi ni nyuzi za kolajeni, yaani protini ya mwilini, zilizosukana, na kiwandani, baada ya kusindikwa kwa chumvi za kromu au kwa magome ya miti kama miwati inayopandwa kule Njombe, huingizwa mafuta ambayo hukaa katikati ya nyuzi hizo ili ziteleze mtu anapokaa na kuinuka. Jua huyapunguza mafuta hayo kidogo kidogo, na gari lililofungwa vioo likaachwa juani mchana kutwa linaweza kupata joto la zaidi ya nyuzijoto 60 ndani yake. Mafuta yakishapungua, nyuzi hugusana na kushikana, na ngozi iliyokuwa ikipinda huanza kukatika penye mikunjo, hasa ule ubavu wa kiti cha dereva unaosuguliwa kila anapopanda na kushuka.

Gari ninalolihudumia ni Mercedes-Benz ya W123, aina iliyozinduliwa mwaka 1976, ambalo marehemu mjomba aliniachia. Na kwetu kusini mali ya mjomba haiuzwi chapuchapu. Kabla sijanunua mafuta yoyote nilitaka kujua kama viti vyake ni ngozi kweli, kwa kuwa magari mengi ya aina hiyo yalitoka kiwandani na leza, yaani ngozi bandia ya plastiki, imara na inayofanana sana na ngozi, kiasi cha kuwachanganya hata mafundi wazoefu. Njia ya uhakika ni kuchungulia chini ya kiti, mahali ukingo ulipokunjwa na kubanwa: ngozi halisi ina manyoyamanyoya upande wa nyuma, ilhali leza ina kitambaa kilichofumwa. Leza haihitaji kulainishwa kwa mafuta, kwani hayaingii. Isafishwe tu kwa sabuni laini.

Swali la pili ni kama ngozi hiyo imepakwa rangi ya juu au iko wazi. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, usubiri. Tone likinywewa na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi na itapokea mafuta vizuri. Likibaki limesimama, kuna tabaka la rangi juu yake, kama ilivyo kwa magari mengi ya siku hizi, na mafuta yatapenya kwa shida, zaidi kupitia mipasuko na matundu ya mshono. Mtu asiyejua tofauti hii humwaga chupa nzima juu ya kiti chenye tabaka, kisha hushangaa kuona nguo za abiria zikichafuka wakati ngozi yenyewe imebaki ngumu vilevile.

Usafi hutangulia mafuta, kwa sababu vumbi jekundu la Newala na Masasi likichanganyika na jasho hugeuka msasa, na ukipaka mafuta juu yake unalisukumia ndani zaidi. Sabuni ya mche ni kali mno kwa kazi hii: ina magadi, na ngozi kwa asili yake huelekea kwenye uchachu. Tumia sabuni ya maji iliyo laini, uitoe povu kwa sifongo, upake povu hilo badala ya maji, usugue kwa brashi laini, kisha ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Fundi mmoja mzee wa viti aliwahi kuniambia, "Mwanangu, ukiona kitambaa kinatoka na rangi ya kiti, acha hapo hapo; hiyo siyo takataka tena."

Kuhusu mafuta yenyewe nina msimamo, ingawa najua utawaudhi majirani zangu. Mafuta ya nazi tunayo tele, nayo kweli hulainisha kwa muda, lakini huiachia ngozi weusi usio sawa, na yakizidi huganda na kutokeza utando mweupe penye ubaridi. Mafuta ya ufuta, fahari ya Lindi, ni mabaya zaidi kitini, kwa kuwa hewa huyageuza yakanata na kuchacha. Mafuta ya ganda la korosho yasikaribie kabisa. Yanaunguza hata ngozi ya mtu aliye hai. Dawa za kung'arisha dashibodi zenye silikoni nazo huacha mng'ao unaoteleza na kuzuia rangi isishike siku utakapotaka kupaka upya. Kinachofaa ni mafuta maalumu ya ngozi, hasa yenye lanolini inayotokana na sufu ya kondoo, au mafuta ya kwato za ng'ombe kwa ngozi iliyo wazi.

Fanya kazi kivulini. Ngozi iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto. Usiilazimishe kwa pasi wala kwa maji yanayochemka, kwani joto kali katika ngozi yenye unyevu huzifanya nyuzi zisinyae, na zikishasinyaa hazirudi. Paka tabaka jembamba, usugue kwa kiganja kwa mzunguko, uwache usiku kucha, ufute kilichobaki. Ngozi kavu sana hufunikwa kwa nailoni ili mafuta yasipotee kabla hayajazama. Rudia siku zinazofuata, huku ukiikunja polepole kwa vidole, mpaka uone hainywi tena. Tabaka nyingi nyembamba huzidi kwa mbali tabaka moja nene.

Mipasuko iliyokwisha kufunguka haifungwi na mafuta yoyote, hata chupa iseme nini. Mafuta huizuia isiendelee. Pengo lenyewe hujazwa kwa gundi ya ngozi na kitambaa chembamba kwa chini, na kipande kinachochanika kama karatasi apewe fundi akibadilishe.

Baada ya hapo, mimi hupaka tena mvua zinapokwisha, na mara nyingine kabla hazijaanza mwishoni mwa mwaka. Wakati wa mvua zenyewe sipaki, kwa sababu unyevu wa pwani ukikutana na mafuta mabichi huleta ukungu. Hapo kazi ni kufuta kwa kitambaa kikavu na kuegesha chini ya mwembe, vioo vikiwa vimeshushwa kidogo ili hewa ipite.