Siku moja maabara: vimeng'enya ninavyovisoma vimenifutia kazi ya jana

Saa 1 asubuhi. Hata koti sijavaa, nafungua inkubeta kuchungulia seli. Nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5, ziko poa.

Saa 2. Napiga picha bloti ya jana, yaani karatasi inayoonyesha protini za seli kama mistari. Mstari wa aktini, protini ya kulinganishia, mweusi tii, ila wa H2AX yenye fosfati (protini inayofungasha DNA, ikibandikwa fosfati ni alama kwamba DNA imekatika) hamna kitu, peupe! Nikadhani antibodi ya kuinasa imeharibika, kumbe nafungua friza nakuta kichupa cha vizuizi vya fosfatesi (vimeng'enya vinavyobandua fosfati kwenye protini) kimefungwa vilevile, sijakigusa. Yaani jana nimepasua seli bila kuweka hiyo kitu. Watu hudhani seli ikishapasuliwa kila kitu kimesimama, wapi, kinesi, vimeng'enya vya kubandika fosfati, zikiishiwa ATP, nishati ya seli, haziwezi kubandika fosfati tena lakini fosfatesi hazihitaji ATP, zenyewe zinaendelea kubandua tu, hata juu ya barafu, taratibu, mpaka alama zinaisha.

Saa 4. Naanza upya. Mionzi grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi), DNA inakatika nyuzi zote mbili. Kinesi ya ATM inawahi kubandika fosfati kwenye H2AX, serini ya 139, na alama hiyo ndo inaita mafundi waje kuunga. Baada ya nusu saa nachukua fungu la kwanza, sahani nyingine nazipasua (vizuizi NIMEWEKA, nimehakikisha mara tatu), nyingine nakaza seli kwa fomalini za kutazama kwa darubini. Fungu la pili litakaa masaa sita.

Saa 7 nimekula, basi.

Saa 8 jeli ya kutenganisha protini inatembea, dogo wa mafunzo akaniuliza, "Sasa dada, kama fosfatesi zinafuta alama ya kuita mafundi, si bora zizimwe tu?"

Swali zuri hilo. Nikamwambia alama isipofutwa seli inabaki imesimama hata kama DNA imeshaungwa, na ikifutwa mapema seli inagawanyika na uzi uliokatika. Cheki fosfatesi ya Wip1, inafuta ya H2AX, inafuta na ya p53, protini inayosimamisha seli yenye DNA mbovu, na kwenye baadhi ya saratani za matiti jeni yake iko nakala kibao. Halafu kuna PP2A, hiyo nayo inafuta H2AX, ila hiyohiyo ni breki ya ukuaji, inabandua fosfati kwa AKT na ERK zinazosukuma seli ikue, inabadilisha protini mwenza tu kutegemea leo inaenda kufuta wapi. Ndo maana kirusi cha SV40 kina kaprotini kadogo ka kuikamata, breki iachie. Mimi huwa naona kinesi zinapewa sifa zote bure, binadamu ana zaidi ya 500, na fosfatesi zilizo chache kuliko hizo zinazisafishia nyuma.

"Kumbe ndo maana zimekufutia bloti," dogo kasema. Nimecheka kwa uchungu.

Saa 1 usiku, darubini. Slaidi za nusu saa, viini vya bluu vimejaa vidoti vya kijani, yaani alama za H2AX, kama vimenyunyiziwa. Za masaa sita, vidoti vya kuhesabu. Ila ile sahani niliyoweka asidi ya okadaiki, inayozima PP2A na ndugu zake, bado kijani tupu. Nahesabu viini 100 kila slaidi, macho yanauma.

Saa 3 usiku. Bloti mpya iko kwenye antibodi, nyuzi 4 mpaka asubuhi. Nimetumia albumini kufunika karatasi badala ya maziwa, maana kazeini ya maziwa nayo imejaa fosfati, inachafua picha. Kichupa cha vizuizi nimekizungushia utepe mwekundu nikakiweka mbele kabisa ya friza, yaani mlango ukifunguka tu kinakutazama.