Ami, hao makau si wangu wa kuuza

Tangu Jumatatu sijalala vizuri. Niko Mombasa likizo, ya kwanza tangu 2021, na nlikuwa nimejiahidi nitakula, nitalala, nitamfurahisha mamangu basi, mambo ya kazi, kwenye kituo cha kulea makau, wale kasuku wakubwa, na kuwarudisha msituni, nimeyaacha Costa Rica. Sasa kazi imenifuata mpaka barazani kwa Ami, Kibokoni.

Tumekunywa chai, mahamri na mbaazi, watu wamejaa, nacheka na binamu zangu mpaka mbavu zauma. Baada ya Maghrib Ami akanivuta kando akaniambia ana rafiki yake Nyali, mtu ana pesa zake, ameona kwenye simu wale kasuku wakubwa wekundu wenye bawa la manjano na buluu, yuwataka wawili, dume na jike, na kila mmoja atatoa laki tano. "Mwanangu, si wanambia muna ndege sitini kule? Wawili wakikosekana nani atahesabu?"

Nikamwambia Ami, wale si wangu. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Basi miaka yote hino wafanya nini kule, kama ndege wawili tu huwezi kumpa ami yako?"

Ingekuwa mtu mwingine ningemjibu papo hapo. Lakini huyu ndiye alonilipia karo ya kozi ya afya ya mifugo wakati babangu hana kitu, Ami yuwabeba mizigo bandarini na karo bado yatoka. Nikainama nikafunga buibui nikaenda zangu. Neno lake lakini nimelala nalo, manake najua si yeye peke yake. Nusu ya ukoo wanaona nimeolewa mbali huko nakaa kwenye bustani nawarushia kasuku njugu, na mshahara wa dola waingia.

Sasa nawaambia nafanya nini.

Saa kumi na nusu alfajiri niko macho, kabla makau hawajaanza, manake wakianza hata ukiwa na adhana ya misikiti mitatu hutasikia. Jikoni twakata mapapai, ndizi, maembe yakiwa msimu wake, twachemsha maharagwe na mahindi, twapasua nazi, vyote kwa ndoo. Kisha kuosha mabanda, kila sahani kusuguliwa na dawa na kila kiatu kukanyaga dawa kabla hujaingia banda lingine, sababu kuna ugonjwa wa virusi wa kasuku unaowaharibu manyoya na mdomo, hauna tiba, na ukiingia banda moja umekwisha. Kufika saa nne jua la Nicoya, kule kituo kilipo, lishakupiga kama la Changamwe mwezi wa Februari, tofauti ni kwamba hakuna wa kukuuzia maji ya madafu kwa mkokoteni. Mvua zikianza Mei mpaka Novemba nguo hazikauki, dengi ipo, barabara ni tope tupu. Na makau akikuuma, mdomo ule wavunja kokwa ambalo wewe wahitaji jiwe, nina kovu kwenye kidole gumba ambalo mamangu alipoliona alilia.

Hayo yote nayazoea. Makinda ndio wananimaliza.

Msimu wa kiangazi tunaletewa makinda, wengine wameporwa na watu wakakamatwa nao, wengine mzazi amekufa. Kinda wa makau akiwa mchanga ni kipande cha nyama ya waridi, macho yamefunga, hana unyoya hata mmoja. Yuwala kila baada ya saa mbili, na usiku pia. Uji wake uwe digrii 40 hivi, ukizidi waunguza mfuko wake wa kooni, ukipoa unakaa humo ndani hauteremki, unachacha, na kinda anakufa na chakula kooni. Kwa hivyo yule anayeambiwa yuwarusha njugu, Januari mpaka Aprili halali saa mbili mfululizo. Mwaka jana upepo wa Januari, kule huwa mkali sana, uliangusha mti kwenye nyaya, stima ikapotea usiku kucha, jenereta ikawaka ikazima. Nikawachukua makinda watatu nikawaweka kifuani ndani ya leso zangu mbili za Mombasa, nikakaa nao kitako mpaka asubuhi. Wawili waliishi. Wa tatu alikata roho kama saa kumi na moja hivi, namsikia kabisa anavyolegea. Nimezika watu wangu kwa simu, tangu niende kule, nyanyangu mmoja wao, na machozi ambayo sikuyatoa kwa hao wote yalitoka asubuhi ile kwa kinda la gramu mia na kitu.

Halafu, na hili ndilo Ami hawezi kuliamini, ukishamlisha miezi mitatu hutakiwi umzungumzishe. Sisi tumezoea kasuku wa nyumbani, asubuhi wamsalimu, akikujibu nyumba nzima yacheka. Kule mtu akimfundisha kinda neno moja anaitwa ofisini. Makau aliyezoea binadamu akiachiwa msituni atatua kwenye bega la mtu wa kwanza atakayemuona, na mtu huyo ana gunia. Kwa hivyo mapema iwezekanavyo wanatiwa banda moja na wenzao, wajifunze kupiga makelele yao, kugombana, kumjua mwewe. Wa kufugwa waliokatwa mabawa na kuzoezwa maneno, wengi hawatoki tena. Tunaye mmoja mzee, yuwasema "hola" na kukohoa kama mvuta sigara siku nzima, alikaa jikoni kwa watu miaka na miaka. Huyo atafia kwetu.

Mujue kwamba rasi ile ya Nicoya makau wekundu walikuwa wamekwisha kabisa. Costa Rica walibaki sanasana upande wa Osa kule kusini na hifadhi ya Carara. Misitu ilikatwa kufugia ng'ombe, na viota vikaporwa. Mwizi hapandi mti kila wakati, mara nyingine anaukata, na mti wenye pango la kutosha makau ni mti wa miaka mingi sana, kwa hivyo amechukua kinda na nyumba ya makinda wa miaka yote ijayo. Na hawa si kuku. Mume na mke hukaa pamoja miaka na miaka, hutaga mayai mawili matatu, mara nyingi hulea mmoja au wawili, na kuna mwaka hawatagi. Sasa wee toa wawili. Ami aniuliza nani atahesabu? Mimi nahesabu, asubuhi na jioni, na daftari ninalo.

Kuna mzee mmoja kijijini pale, jirani, yeye mwenyewe ujanani alikuwa akipora viota, hafichi. Mwaka wangu wa kwanza Kihispania sina, napita njiani watu wananiangalia nywele nilivyozifunika, ndani ya duka mwanamke mmoja akaniuliza kama najua kusoma bei. Nilirudi chumbani nikalia nikitaka kurudi kwetu. Kesho yake mzee huyu akaja kituoni na gunia begani, akalimwaga mbele yangu. Kungu! Wallahi, kungu, zile zile za kwetu, tulizokuwa tukigonga kwa jiwe uani tutoe kile kiini, mpaka vidole vinakuwa vyekundu. Wenyewe wanauita mlozi wa ufuoni, mti umetoka Asia kama ulivyokuja kwetu, umejaa fukwe zote za Pasifiki, na makau wanaupenda kuliko chochote tunachokata jikoni. Nikachukua jiwe nikagonga moja nikala, mzee akashangaa, akacheka, akakaa chini tukagonga pamoja, hatuna lugha ya kusemezana. Tangu siku hiyo kila Jumamosi analeta gunia, hachukui hela. Na ndiye alotuonyesha miti yote aliyokuwa akiiba, tukafunga masanduku ya kutagia juu pale, ingawa nyuki nao wanayataka masanduku hayo hayo, ni vita nyingine.

Niseme jambo na wale wanaoniandikia inbox, "dada nipe koneksheni ya kazi ya wanyama huko". Sikilizeni vizuri. Vituo vingi vya aina hii kule vinaendeshwa na mavolontia, na volontia halipwi, volontia ndiye ANALIPA, kitanda na chakula, kwa wiki, kwa dola. Ni vijana wa Ulaya na Marekani wamechukua likizo. Kwa hivyo ajenti akikwambia leta laki mbili nikupeleke kulisha ndege ulipwe, kimbia. Viza kwa pasipoti ya Kenya yatakiwa, na ya utalii hairuhusu kazi. Mimi nina kibali sababu mume wangu ni mtu wa kule na bado makaratasi yalinichukua mwaka na zaidi. Anza na cheti, ujifunze Kihispania kabla, si ukifika. Na maisha si rahisi, Costa Rica ni ghali, kodi ninayolipa chumba kimoja na jiko, Kisauni ningekaa nyumba ya vyumba viwili na bado nikabakisha ya umeme. Mshahara wangu nikitoa cha mamangu nabaki na cha kula. Lakini sijutii, nisikufiche.

Sasa nirudi kwa Ami. Siku ile nilipoinuka barazani kwenda zangu, nyuma ya mlango nikakiona kile kitundu. Kasuku wa nyanya! Yule yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu niliyekua naye, nlidhani alikufa na nyanya. Zaidi ya miaka thelathini kwenye tundu ambalo hawezi kunyoosha mabawa mawili kwa pamoja. Kifuani hana unyoya, ngozi tupu. Tulipokuwa watoto tulikuwa twampaka mafuta ya nazi, tukidhani ni ukurutu. Alikuwa aking'oa mwenyewe. Ndege wa kundi, kwao wanaruka kwa mamia, umemtia peke yake kwenye kona miaka thelathini, atafanya nini? Wa kijivu hawa ni wa misitu ya Kongo, Kameruni, Gabon na kule Ghana, na Ghana peke yake tangu 1992 wamepotea zaidi ya asilimia 90, na wakisafirishwa wengi hufa njiani, ndio maana dunia ikapiga marufuku biashara ya wa mwituni, ikaanza kazi Januari 2017. Babu alimnunua kwa baharia, hakuna aliyeuliza ametoka kiota gani. Tulimpenda, na mapenzi yetu yalikuwa hayo.

Jumanne nikaenda kwa fundi wa vyuma Majengo, nikamchorea tundu jipya. Upana wa mlango mzima, urefu wa mtu, waya usio na madini ya risasi. Elfu kumi na nane, nimelipa kwa pesa ya zawadi zangu za kurudi nazo. Alhamisi tukalipeleka kwa mkokoteni, Ami hakunisemesha, aliangalia tu tukilipitisha mlangoni. Nikamtilia kasuku matawi ya mkungu na majani yake, nikaliweka karibu na dirisha aone ndege wengine. Siku nzima aling'ang'ania pembe moja akitetemeka. Nikamwambia Ami taratibu, kasuku kwa sheria ya Kenya lazima awe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, nenda kaulize, nitakusindikiza Jumatatu. Hakunijibu.

Leo asubuhi nipo nafunga mabegi simu ikalia. Ami. Nikajua sasa ni maneno ya rafiki yake wa Nyali.

"Mwanangu, huyu ndege amelirarua lile tawi lote, sakafu imejaa maganda. Hizi kungu nimpe ngapi kwa siku?"

Nikamwambia mbili zatosha, Ami, na usimvunjie, mwache avunje mwenyewe.