Nilivyopunguza matundu kwenye zege la kalibu ndogo

Natengeneza vyungu vidogo na vishikio vya mishumaa kwa saruji na mchanga uliochekechwa. Kilichonisumbua muda mrefu si nyufa, ni matundu: unafungua kalibu, umbo limetoka safi, lakini uso mzima una makovu kama wa mtu aliyeugua ndui.

Wengi hukimbilia kutetemesha. Inasaidia, ila haitoshi, maana hewa inayoharibu kazi ndogo ni ile iliyonata kwenye ukuta wa kalibu. Ya katikati nani ataiona? Kwa hiyo siku hizi naanza na brashi. Nakoroga rojo la saruji na maji bila mchanga, zito kiasi cha kushika ukuta bila kuchuruzika, kisha nalipaka ndani kote, nikizichokoa pembe na michoro kwa ncha za brashi. Zege linafuata papo hapo. Rojo likitangulia kukauka, baadaye linabanduka kama ganda.

Kabla ya rojo hilo, mafuta ya kalibu, yale ya kuzuia zege lisinate, napaka halafu nafuta kwa kitambaa mpaka ubaki mng'ao tu. Yakituama kwenye pembe, povu nalo linakaa hapohapo.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza maji ili zege liteleze. Maji yakizidi, zege linakuwa dhaifu. Afadhali dawa ya kulainisha zege, kwa kipimo cha kwenye kifungashio. Sabuni ya vyombo siigusi kabisa, kwani inaongeza povu ninalopigana nalo. Drili ya kuchanganyia naiendesha polepole, kichwa chake kikiwa kimezama.

Namimina kwa mkondo mwembamba upande mmoja, zege litambae lenyewe likisukuma hewa mbele yake. Kalibu ikifika nusu nasimama, naibana mashine ya msasa, bila karatasi yake, chini ya ubao uliobeba kalibu. Mapovu yanapanda kwa wingi, yanapasuka, kisha yanakuja mojamoja. Hapo nazima. Ukiendelea, mchanga unazama na maji yanaelea juu. Kisha najaza nusu iliyobaki na kurudia.

Vitundu vinavyobaki huzibwa kwa rojo lilelile, kwa kidole chenye glavu, zege likiwa bado na unyevu. Lakini kiraka kikikauka rangi yake hutofautiana kidogo, kwa hiyo upande wa mbele wa chungu nauacha na vitundu vyake viwili vitatu.