Meno ya Lulu

Nimejaribu kuyaandika haya tangu Jumapili usiku, na kila nilipofungua daftari nilijikuta nimeandika maneno yale yale ya mfugaji aliyeniuzia sungura, kisha nikalifunga. Leo ni Ijumaa, maneno bado yamo kichwani, nami naona ni afadhali niyaweke hapa kuliko kulala nayo usiku wa sita: "Mwalimu, si ulimchagua mwenyewe?"

Wiki hii yametokea mengine ambayo yangestahili nafasi kubwa zaidi. Jumatatu nilikabidhiwa barua ya kuwa naibu wa mwalimu mkuu, na Jumatano tulimsindikiza binti yangu Zubeda kwa mumewe Malaba, lakini hata katikati ya vigelegele nilikuwa nikiisikia sauti ya yule mzee kwenye simu, sauti ya upole isiyo na haraka, ikiniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

Mnajua nilivyojiandaa. Wanangu Juma na Swalehe walijenga vizimba vitatu chini ya mwembe tangu kabla ya Ramadhani, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiweka kando kidogo kidogo hadi zikatimia shilingi 450,000, bei ya sungura watatu wa California, dume mmoja na majike wawili, ambao nilikusudia tuwapeleke kwenye maonyesho ya kilimo mimi na wanafunzi wangu wa klabu ya wakulima. Sikutaka sungura wa kitoweo, kwa maana hao wako tele na hawahitaji safari. Nilitaka wanafunzi waone mnyama ambaye kila sehemu ya mwili wake mtu aliifikiria. Aina hiyo ilianzishwa mwaka 1923 huko California na mfugaji aitwaye George West, ambaye alichanganya sungura wa Himalaya na wa Chinchilla, kisha akaingiza damu ya sungura weupe wa New Zealand, hadi akapata mnyama mweupe mwenye mwili uliojaa, ambaye pua, masikio, miguu na mkia wake ni vyeusi kana kwamba amechovywa kwenye wino.

Jumamosi nilidamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda taksi, yaani basi dogo la abiria, kutoka kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, hadi Mbale, nikabadilisha ya kwenda Kapchorwa milimani, na tulipopita Sipi nilikuwa tayari nimejifunika khanga mbili kwa baridi. Mfugaji alinipokea vizuri. Mabanda yake yalikuwa safi, hayakuwa na ile harufu kali ya mkojo inayowasha macho, na kila sungura alikuwa na maji. Alimtoa dume kwanza, akamkalisha mezani juu ya gunia, akampapasa mgongo, akahesabu kucha, kisha akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba ili nione jinsi meno ya juu yanavyoyafunika ya chini kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria kinachokaa sawasawa. Akafanya vivyo hivyo kwa jike wa kwanza, ambaye sasa Swalehe anamwita Theluji.

Aliniambia pia jambo ambalo wauzaji wengi wangelificha. "Pua hii nyeusi usiizoee sana, Mwalimu. Huku kwetu ni baridi. Kwenu Tororo itafifia." Nilijua kuwa ni kweli, kwa sababu nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo: weusi wa sungura hawa hutengenezwa pale tu ngozi inapokuwa na ubaridi, ndiyo maana unakaa kwenye ncha za mwili, na ndiyo maana watoto wao huzaliwa weupe kabisa kutokana na joto la tumbo la mama. Wataalamu waliwahi kumnyoa sungura wa Himalaya, mwenye weusi wa namna hii hii, mgongoni na kumfunga barafu mahali hapo, na manyoya yalipoota upya yalitoka meusi. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuambiwa na mtu ambaye anataka fedha zako ni jambo jingine. Nilimwamini kuanzia hapo. Ninaandika hili kwa sababu kama angekuwa mlaghai wa dhahiri nisingeumia hivi.

Ilipofika zamu ya jike wa pili nilikuwa nimekwisha kumwona mwenyewe, amekaa pembeni ya kizimba, masikio yake mapana, meusi hadi shinani, yamesimama wima. Nikasema, "Huyu ndiye." Mfugaji alimtoa, lakini hakumweka mezani. Alimkumbatia kifuani, uso wake umezama kwenye sweta, akampapasa masikio na kusema, "Huyu ni mzuri sana wa sura." Barabarani utingo wa taksi alikuwa akiita watu wa Mbale. Nikafungua sanduku la mbao, naye akamwingiza kwa matako kwanza.

Huo ndio muda ninaourudia. Nimeuona mara nyingi kiasi kwamba sasa sina hakika na baadhi ya mambo. Je, alimgeuza uso kwa makusudi, au upepo ulikuwa ukivuma na yeye alimkinga tu kama mtu anayewajali wanyama wake? Aliposema "mzuri wa sura", je, alikuwa akinionya kwa njia ya mzunguko, kama wazee wanavyofanya, ili baadaye asije akaulizwa? Kwa wale wawili wa kwanza hakusema lolote kuhusu sura. Alinionyesha meno, kucha na mgongo, akaniachia mimi niseme kuwa ni wazuri.

Jumapili jioni Swalehe alikuja kuniita. Lulu, kama alivyokwisha kumwita, alikuwa akiingiza pua kwenye majani, anayasukuma, anayageuza, kisha anayaangusha. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mate na manyoya ya hapo yameshikamana. Nilimweka mapajani, nikamwinua mdomo kwa kidole gumba kama nilivyoonyeshwa Kapchorwa. Meno mawili ya chini yalikuwa yametoka mbele ya yale ya juu, yamepinda kuelekea puani, marefu kama ukucha wa kidole changu kidogo, na ncha zake zimechongoka. Yale ya juu yalikuwa yamejikunja kwa ndani. Upande mmoja wa ufizi ulikuwa mwekundu. Alinitazama kwa macho yake ya waridi wala hakujitikisa, nami nikaelewa kwamba mtu aliwahi kumshika hivi mara nyingi.

Nilimpigia mfugaji simu papo hapo.

"Habari za jioni, Mzee."

"Nzuri, Mwalimu. Wamefika salama?"

"Wamefika. Lakini huyu jike mwenye masikio mapana, meno yake hayakutani. Ya chini yamepita mbele ya ya juu."

Alinyamaza. Nilisikia kuni zikipasuliwa upande wake.

"Labda aliuma waya njiani. Wakisafirishwa huwa wanauma waya."

"Mzee, ni siku moja tu tangu niwachukue."

"Mwalimu, si ulimchagua mwenyewe?"

Nami nikasema, "Haya, Mzee. Asante." Tena nilisema kwa heshima, kwa sauti ile ninayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi, kisha nikabaki nimeishika simu.

Jibu nililipata saa sita za usiku. Meno ya mbele ya sungura hukua maisha yake yote, takriban milimita 2 kwa wiki, na husagana yenyewe kwa yenyewe yanapokutana. Yasipokutana hayana kitu cha kuyazuia. Meno ya Lulu yalikuwa yamepita mahali pake kwa karibu sentimita moja, yaani zaidi ya mwezi mzima wa kukua bila kusagwa, na huenda yalikwisha kukatwa kabla ya hapo, ilhali safari ya kutoka Kapchorwa hadi Tororo haikufika siku moja. Hakuna waya ulioumwa barabarani unaoweza kufanya hivyo. Laiti ningemwambia hilo kwa utulivu, kwa tarakimu, angelazimika kunijibu kama mtu mzima anavyomjibu mwenzake. Badala yake nilimshukuru.

Na kweli nilimchagua mwenyewe. Hilo ndilo linalolifanya neno lake lishindwe kunitoka. Niliona masikio, nikatoa kidole, nikasikia taksi. Lakini kuchagua si kujua, na yeye alijua. Mtu anapokuja kwako kununua mnyama wa maonyesho, anakununua wewe pia, yaani macho yako na miaka yako ya kuwashika wanyama hao kila siku. Kwa vigezo vya chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ambavyo mzee huyo mwenyewe alinitajia tulipokuwa tukizungumzia uzito, sungura mwenye meno ya namna hiyo huondolewa mashindanoni hata awe na manyoya gani. Alijua kuwa jike mzima anatakiwa awe kati ya kilo 3.9 na 4.8. Hakushindwa kujua habari ya meno.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo nililikumbuka Jumanne darasani na kunifanya nipoteze sentensi niliyokuwa nikiiandika ubaoni. Meno hayo mara nyingi hurithiwa, na wazazi wenye meno mazuri wanaweza kuyabeba bila kuonekana. Mfugaji aliniambia Jumamosi kwamba Theluji na Lulu wana mama tofauti lakini baba mmoja. Basi hata Theluji, ambaye kinywa chake hakina dosari, huenda akawapa watoto wake kile kile. Dume anatoka ukoo mwingine, namshukuru Mungu, na nitampandisha na Theluji, lakini baada ya siku 31 za mimba nitakuwa nikisubiri wiki nyingine nyingi kabla ya kujua nina nini bandani.

Jana nilimpeleka Lulu kwa daktari wa mifugo. Hakuyakata kwa koleo, kwa sababu jino la sungura linaweza kupasuka hadi shinani. Aliyapunguza kwa kijimashine kidogo kinachozunguka, huku Swalehe akimshika masikio taratibu na kumnong'oneza maneno ambayo hakutaka niyasikie. Daktari alisema itabidi turudi kila baada ya wiki kadhaa, maisha yake yote. Nilikuwa nimekaa na hesabu ya gharama hizo kichwani njia nzima, uso wangu nadhani ulikuwa umekunjamana, kwa sababu Swalehe alinyamaza hadi nyumbani.

Jioni nilitoka nje kuanua nguo, nikamkuta amechuchumaa mbele ya kizimba na kisu cha jikoni na kipande cha ubao. Alikuwa amechuma majani ya viazi vitamu asubuhi na kuyaanika yanyauke kama nilivyomfundisha, na sasa alikuwa akiyakata nyembamba kama mtu anayekata sukuma wiki, akiyapanga kwenye kifuniko cha ndoo. Lulu hahitaji kuuma chochote yakiwa hivyo, anayavuta kwa midomo na kuyapeleka kwenye magego, ambayo daktari alisema ni mazima. Alikula kifuniko chote. Nilisikia yale magego yakifanya kazi, sauti ndogo ya haraka isiyokatika, na masikio yale mapana yakicheza kwa kila tafuno. Nikaweka nguo chini, nikakaa. Swalehe akasema, "Mama, huyu hatumuuzi, si ndiyo?" Nikamwambia hatumuuzi, na hazai, na haendi kwenye maonyesho. Akauliza kama anaweza kuandika jina lake kwenye kizimba kwa rangi iliyobaki. Nikamruhusu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilipitisha saa nzima bila kulisikia lile swali.

Pua ya Lulu, nikiitazama kwa karibu, imeanza kuwa na kahawia kidogo pembeni. Pengine ni mwanga wa jioni, maana manyoya hayabadiliki kwa siku sita.

Nilikuwa nimekusudia kumpigia mzee simu leo baada ya swala ya Ijumaa na kumweleza habari ya milimita mbili, lakini simu nimeiacha huru kwa sababu nyingine. Juma alipiga Jumatano asubuhi kutoka Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudani Kusini, akasema foleni ya malori inasogea na kwamba angevuka kwenda Juba kabla ya adhuhuri. Hakuja kwenye harusi ya dada yake, na tangu siku hiyo namba yake haipatikani.