Ree mbili mkononi, nikauchuna

Leo nimeamka saa kumi alfajiri, usingizi umekata, na kinachonisumbua wala si deni wala kazi, ni karata. Miezi kadhaa sasa kila Ijumaa tunakutana watu watano kwa Mwalimu huku Mbezi tunacheza poka, ile ya Texas Hold'em, karata mbili mkononi mwako na tano za wote mezani, kila mtu anaweka elfu kumi yake na ikikuishia unahamia kwenye kochi kuangalia mpira. Vile vidude vya plastiki tunaviita kete. Mwanzoni tuliviita chipsi kama wenyewe wanavyoita, ila kila ukisema nipe chipsi lazima mtu aulize kavu au mayai, tukaacha.

Mimi karata nimejifunzia barazani Tanga, kwa mchezo wa arubastini, na kitu cha kwanza wazee walichonikalisha chini kuniambia ni usitoe turufu mapema. Kwa hiyo poka nimeingia nayo na akili ileile, mkono mzuri ni wa kufichwa. Halafu kibaya zaidi nikaangalia ile video ya fainali ya dunia ya 1988, Las Vegas, pale Binion's Horseshoe, Johnny Chan na Erik Seidel. Chan ana jeki na tisa, flopu, yaani zile karata tatu za kwanza za mezani, inakuja na kwini, kumi, nane, mstari wa karata tano zinazofuatana umekamilika papo hapo, na jamaa anatulia tu kama mtu anayesubiri daladala. Mpaka karata ya mwisho bado anagonga meza anapita, Seidel ana jozi ya kwini, anaona huyu hana kitu, anasukuma kila alichonacho. Kwisha habari. Chan kachukua dola 700,000 na ubingwa wa pili mfululizo. Nimeirudia video ile sijui mara ngapi, nikajiona na mimi ndo walewale.

Ikaja Ijumaa ya ree mbili. Kupewa ree mbili ni wastani wa mara moja katika 221, yaani mnaweza kukutana Ijumaa mbili tatu usizione, na mimi nilipoziona, shupaza na uru, moyo ulidunda mpaka nikaogopa Shemeji aliyekaa pembeni asije akasikia. Nikauchuna. Badala ya kupandisha dau nikalipa 200 ya kuingilia kama mnyonge mwenzao, na wote wanne wakaingia kwa bei hiyohiyo, mezani 1,000. Flopu: kumi ya kopa, tisa ya kopa, nne ya pau. Nikagonga meza. Wote wakagonga. Karata ya nne, nane ya kopa, na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu pesa za watu benki akabeti, nikafuata, ya mwisho ikaja takataka akasukuma zote, nikafuata tena maana nani anatupa ree mbili? Akafunua sita na tatu za kopa, na zile tatu za mezani ni kopa tano, jozi yangu imekufa. Sita na tatu jamani!

Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa namlaumu yeye, ooh anachezaje karata za ovyo vile. Ila nilivyotulia nikaona huyu dada hajakosea chochote, mimi ndo nilimfungulia geti nikamkaribisha ndani bure. Ningepandisha hadi 800 tu mwanzoni asingekuwepo. Na hata baada ya flopu, alikuwa na kopa nne, zimebaki tisa katika karata 47 ambazo hajaziona, hiyo ni karibu asilimia 19 kwa karata moja na karibu 35 ukimpa zote mbili. Hiyo nafasi ilitakiwa ainunue, mimi nikamgawia kama kashata za msibani. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 kwa 100, lakini ukiwaacha wanne waingie zinashuka hadi 56 hivi, karibu na kurusha shilingi. Ni jozi tu, kubwa kuliko jozi nyingine zote ndiyo, lakini jozi.

Chan alikuwa na mkono ambao kwa flopu ile hakuna kilichokuwa juu yake. Na mezani walikuwa wawili tu. Hayo mimi kwenye video sikuyaona, niliona ule utulivu wa sura tu.

Kuna na hesabu nyingine nilifanya kwenye kalenda ya ukutani nikanuna kabisa. Chukua mezani kuna 1,000 na mko wawili. Ukibeti kiasi cha kilichopo mezani kila mara na mwenzio anafuata, inakuwa 3,000, halafu 9,000, halafu 27,000. Ukiruka raundi moja tu ili uonekane mjanja, unaishia 9,000. Mimi siku zote nilidhani kuvizia ndo njia ya kula kikubwa, kumbe mara nyingi unajipunguzia sahani mwenyewe.

Sasa Ijumaa iliyopita. Nina jozi ya saba mkononi, Shemeji kapandisha hadi 600, wengine wametupa, nimebaki mimi na yeye. Flopu kwini, saba, mbili, kila moja aina yake, hakuna aina moja inayokusanyika wala mstari wa kuogopa. Saba tatu, kitu kinachotokea kama mara moja katika nane ukiwa na jozi mkononi. Hapa nilijiuliza swali ambalo sikujiuliza ile siku ya ree: nikimpa karata ya bure, itaniua nini? Karibu hamna. Na huyu ni Shemeji, mtu ambaye ukigonga meza mbele yake hawezi kuvumilia, lazima abeti, ndivyo alivyo hata kwenye mazungumzo, ukinyamaza tu anaongea yeye. Nikagonga. Akaweka 800, nikafuata huku nakuna kichwa. Ikaja tisa, nikagonga tena, akaweka 2,000, nikafuata. Ya mwisho ree. Nikagonga, na akasukuma 6,600 zake zote zilizobaki kwa sauti kabisa, "Shem, leo utalala mapema."

Alikuwa na ree na kingi. Yaani mpaka pale mwisho hakuwa na kitu, alikuwa ananizuga tu, na ningepandisha kwenye flopu angetupa na mimi ningeondoka na hizo 800 zake nikijisifu. Nilimwacha aendelee kuniongopea mpaka akapata jozi ya kumfanya ajiamini. Alinyamaza kama dakika tano, rekodi kwake.

Lakini nikijikagua vizuri saa hizi za alfajiri, ile siku ya ree sikuvizia kwa sababu ya mezani palivyokuwa. Niliogopa kushinda kidogo. Niliona nikipandisha wote watatupa, nitapata zile 300 za lazima za kuanzia tu, halafu ree zangu ambazo nimezisubiri wiki nzima zitakuwa zimeenda bure, na nilitaka pia ule wakati wa kuzifunua watu waseme duh.

Tatizo jipya ni kwamba sasa wamenishtukia. Juzi nina nne mbili, flopu imejaa kingi na jeki, sina changu, nikagonga meza ili nitoke kwa amani. Mwalimu akaniangalia, akasema "huyo ana ree huyo, msimguse," na wote wakagonga mpaka karata ya mwisho. Jozi yangu ya nne ikala 1,000.